Waya wa shilingi elfu tatu na waya wa dola elfu saba: ukinunua waya wa redio unanunua nini?

Tangu mwaka uanze, swali moja limekuwa likitufikia kwa ujumbe mfupi, kila mara likiwa limevaa nguo nyingine. Msikilizaji mmoja analalamika kwamba waya wa kuunganisha simu na sabufa, ule wenye pini nyekundu na nyeupe, siku hizi haumalizi miezi mitatu. Mwingine ameona kwenye simu yake video ya mzee mmoja wa Marekani aliyeunganisha redio yake kwa waya wa bei ya gari, naye anauliza kama ni kweli muziki unabadilika. Wa tatu ni mweka hazina wa kwaya. Wameletewa ankara ya vyombo vya muziki, na ndani yake kuna seti ya nyaya za "shaba isiyo na oksijeni" kwa bei inayokaribia ya spika moja. Kikao cha kwaya kiko karibu, na pesa yenyewe ni ya michango na magunia ya mahindi.

Tumeyasoma yote matatu na tunaona yanauliza jambo moja: mtu akilipia waya, analipia kitu gani hasa? Ili kulijibu inabidi tuanzie mbali kidogo na sebule, yaani barabarani.

Shaba inapita, waya unarudi

Anayeishi kando ya barabara kuu inayotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam, iwe Vwawa, Mbeya, Makambako au Iringa, anayafahamu malori haya. Yanatembea polepole milimani, yamebeba mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mengine yakiwa chini ya turubai. Hiyo ni shaba ya Zambia na ya Kongo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilijengwa kwa sababu hiyo hiyo: shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwenye nchi zilizotawaliwa na makaburu na walowezi. Miaka hii Kongo imeipita Peru na kuwa mzalishaji wa pili wa shaba duniani baada ya Chile, na sehemu kubwa ya mzigo wa Katanga huvuka Kasumbalesa, hukatiza Zambia na kuingia kwetu Tunduma.

Mabamba hayo yakifika bandarini hupakiwa melini, na sehemu kubwa huelekea China, nchi inayotumia zaidi ya nusu ya shaba iliyosafishwa duniani. Huko huyeyushwa, huvutwa kuwa nyuzi, huvalishwa plastiki. Kisha baadhi ya hiyo shaba inarudi bandari ile ile ikiwa waya wa sabufa, na inapanda milima ile ile hadi kwenye duka la vifaa vya umeme la kijijini.

Katikati ya safari hiyo bei imechafuka. Mei 2024 tani moja ya shaba katika soko la metali la London ilivuka dola 11,000 kwa mara ya kwanza. Mei 2025 mgodi wa Kakula, karibu na Kolwezi, ulitikiswa na mitetemo ya ardhi na sehemu yake ikafurika maji. Septemba mwaka huo huo tope liliporomoka ndani ya mgodi wa Grasberg nchini Indonesia na kuua wafanyakazi saba, uzalishaji ukasimama. Katikati ya matukio hayo mawili Marekani nayo ikaingiza mkono: kuanzia Agosti 1, 2025 iliweka ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za shaba kama mabomba na nyaya, huku shaba iliyosafishwa ya mabamba ikiachwa. Wafanyabiashara waliokuwa wamerundika mabamba Marekani wakidhani ushuru utayagusa waliona bei ya New York ikianguka kwa takribani moja ya tano ndani ya siku moja. Hata hivyo bei ya dunia haikutulia, na Desemba 2025 ikavuka dola 12,000.

Kwa nini tunamsimulia haya msikilizaji mwenye sabufa moja? Kwa sababu shaba ikipanda, mwenye kiwanda cha waya ana njia mbili. Anaweza kupandisha bei, au anaweza kupunguza shaba na kuiacha bei ilipo. Njia ya pili mnunuzi haioni, kwa kuwa shaba imefichwa ndani ya plastiki. Waya ni bidhaa ya ajabu kidogo: unanunua usichokiona, na ukishaufungua kuuona umeuharibu. Pazia hilo ndilo linalomwezesha muuzaji wa nchi tajiri kupandisha bei hadi mbinguni, na ndilo linalomwezesha muuzaji wa kwetu kukuuzia alumini kwa jina la shaba.

Wenye waya wa bei ya gari

Tuanze na hao wa mbali. Zamani, Mmarekani aliyekuwa na redio kubwa nyumbani aliunganisha spika kwa waya wa kawaida wa taa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhandisi mmoja wa California, Noel Lee, alianza kuuza waya mnene wa spika kwa jina la Monster Cable. Alikuwa na hoja ya kweli: waya mwembamba mno unakula nguvu ya spika. Lakini alijua pia biashara. Alizunguka kwenye maduka akiwaonyesha wauzaji jinsi ya kuuza waya kama chombo kinachojitegemea, wakati zamani ulikuwa kitu cha kutupiwa bure ndani ya boksi. Maduka yakapenda, kwa sababu faida ya waya kwa asilimia ilizidi kwa mbali faida ya redio yenyewe.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Zikaja kampuni zinazouza waya wa mita moja wa kuunganisha kinasa na amplifaya kwa dola mia, kisha elfu, kisha maelfu. Yakaja na maneno: shaba isiyo na oksijeni, nyuzi za fedha, pini za dhahabu, mishale ya kuonyesha upande ambao sauti inapaswa kutembea.

Je, masikio yanasikia tofauti? Swali hili limepimwa kwa njia moja ya haki, nayo ni kumzuia msikilizaji asijue ni waya gani unaopiga. Agosti 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill lililolinganisha waya wa Monster na waya wa kawaida, na mwingine mwembamba sana. Waliosikiliza waliweza kuutambua ule mwembamba kwa sauti maalumu ya majaribio. Ulipofika wakati wa muziki, ule wa bei kubwa na ule wa kawaida wenye unene wa kutosha hawakuweza kuutenganisha kwa uhakika.

Mwaka 2007 mwanamazingaombwe James Randi, aliyejulikana kwa kuwaumbua waganga wa uongo, alitangaza kwamba zawadi ya taasisi yake ya dola milioni moja ingekwenda kwa yeyote atakayetambua, bila kuona, tofauti kati ya nyaya za spika za Pear Anjou na nyaya nzuri za kawaida. Jozi moja ya Anjou, urefu kama mita tatu na nusu, iliuzwa dola 7,250. Kwa bei ya dola ya karibuni hizo ni zaidi ya shilingi milioni 17. Mwandishi mashuhuri wa vyombo vya sauti, Michael Fremer, alikubali kujaribiwa. Mazungumzo yakavunjika kabla ya jaribio, kila upande ukiulaumu mwingine, na milioni ile haikuchukuliwa.

Tusiwacheke sana. Mtu aliyelipa milioni 17 na kukaa peke yake sebuleni anasikia kweli muziki mtamu zaidi. Ni binadamu. Hata sisi huku, mgeni akiambiwa kahawa hii imetoka Mbinga anaionja kwa heshima kabla haijafika ulimini. Tatizo linaanza pale ambapo utamu huo unaandikwa kwenye ankara ya kwaya kana kwamba ni sifa ya shaba.

Kinachopita ndani

Kuna nyaya za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Wa kwanza unatoka kwenye simu, deki au king'amuzi kwenda kwenye amplifaya au sabufa. Huu unabeba ishara ndogo tu, volti moja au mbili hivi, na umeme unaopita ndani yake ni kama hakuna. Wa pili unatoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika. Huu unabeba mzigo wenyewe, umeme wa kusukuma spika hadi vikombe vitikisike kabatini.

Kwa waya wa kwanza, hesabu ni fupi. Kifaa kinachopokea kina ukinzani wa maelfu ya omu, kwa kawaida 10,000 na zaidi. Waya wa shaba wa mita moja una ukinzani usiofika hata nusu ya omu moja. Ni sawa na kumwaga kijiko cha maji kwenye pipa na kuuliza kama pipa limejaa zaidi. Waya una tabia nyingine ya kuhifadhi chaji kidogo, na ukiwa mrefu mno tabia hiyo huanza kukata sauti nyembamba za juu. Ila kwa waya wa kawaida wa mita moja mkato huo unaanzia mbali, kwenye mitetemo zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya linaishia 20,000. La mzee linaishia mapema zaidi, na la aliyezoea kukaa mbele ya spika za harusi tusiseme.

Sasa hiyo "shaba isiyo na oksijeni". Ni kitu cha kweli, si uongo. Shaba ya kawaida ya nyaya za umeme ina usafi wa angalau asilimia 99.9, na ndani yake kuna oksijeni kidogo sana inayoingia wakati wa kuyeyushwa. Isiyo na oksijeni huyeyushwa bila kuguswa na hewa na hufika asilimia 99.95 au 99.99. Ina kazi zake kwenye mitambo ya maabara na mahali ambapo shaba inachomwa moto mkali. Lakini katika kupitisha umeme, tofauti kati ya hizi mbili ni kama asilimia moja. Ukikata sentimita moja kwenye waya wa mita moja umepata tofauti hiyo hiyo bure.

Na hapa tuyakumbuke yale malori. Bamba la shaba la daraja la juu linalokubaliwa katika soko la London lazima liwe na usafi wa angalau asilimia 99.99. Maana yake ile namba inayoandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye boksi la waya wa mamilioni ndiyo namba inayopita Makambako ikiwa imefunikwa turubai lenye matope. Kwa dola 12,000 kwa tani, gramu moja ni senti moja na kidogo. Hata tukisema waya mzuri wa mita moja, pande zote mbili, una gramu 50 za shaba, hiyo ni shaba ya senti 60 za dola, kama shilingi 1,500. Kinachobaki ni plastiki, pini, kazi ya mikono na simulizi.

Fedha je? Inapitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia sita hivi tu. Dhahabu, kinyume na watu wanavyodhani, inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sifa yake ni kwamba haipati kutu, kwa hiyo pini iliyopakwa dhahabu kweli inafaa mahali penye unyevu wa bahari au ziwa. Nyingi tunazouziwa zina rangi ya dhahabu tu, na rangi hiyo huisha baada ya kuchomeka na kuchomoa mara chache.

Kuna jambo jingine tunalolijua kwa sababu ndiyo kazi yetu. Sauti ya FM inayokufikia kutoka kituo chochote imekatwa kwenye mitetemo 15,000 kwa sekunde, kwa kuwa ndivyo mfumo ulivyopangwa. Nyimbo zinazojazwa kwenye memori kadi pale stendi zimebanwa ili zienee. Hata wimbo uliorekodiwa vizuri ulipita studio kwenye mamia ya mita za waya wa kawaida wa maiki kabla ya kukufikia. Mita moja ya mwisho, hata ikiwa ya dhahabu tupu, hairudishi kilichoachwa njiani.

Mahali ambapo waya unaleta tofauti

Kwenye waya wa spika hadithi inageuka. Hapo unene ni jambo la kweli, na mwenye kipaza sauti cha mtaani analijua bila kusoma jarida lolote. Chukua ukumbi ambao spika iko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Ukitumia waya wa shaba wa kipenyo cha nusu milimita, ukinzani wake ni kama omu 1.7. Spika ikiwa ya omu 4, itapata karibu nusu tu ya nguvu ambayo ingepata kwa waya mnene. Ukibadilisha ukaweka waya wa milimita 2.5 za mraba, unene ule ule wa waya wa soketi za nyumbani lakini ule laini wa nyuzi nyingi, spika inapata zaidi ya asilimia 90.

Huo ndio ushauri wetu kwa mweka hazina wa kwaya. Kwenye ankara, mistari ya kuulizia ni miwili: urefu wa waya wa spika na unene wake kwa milimita za mraba. Neno oksijeni unaweza kulipita kama hukuliona. Tofauti ya pesa inayobaki iwekeni kwenye spika yenyewe au maiki, kwa sababu huko masikio ya waumini yatasikia.

Kwetu udanganyifu uko chini

Mnunuzi wa Marekani anauziwa shaba halisi kwa bei ya uongo. Wa kwetu anauziwa shaba ya uongo kwa bei anayoiona ya halali. Kitu chenyewe ni waya wa alumini uliovalishwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwenye boksi za viwanda vinavyosema kweli huandikwa herufi CCA. Kwenye rola nyingi zinazofika vijijini haiandikwi kitu, au panaandikwa shaba asilimia mia.

Muuza duka mara nyingi hajui. Ukimuuliza, "Kaka, hii ni shaba kweli?" atakujibu, "Shaba tupu, boss, angalia rangi." Rangi ni kweli. Ila alumini hupitisha umeme kwa asilimia kama 60 tu ya shaba ya unene huo huo, inavunjika haraka ikikunjwakunjwa, na inakataa lehemu ya kawaida. Fundi akijaribu kurudishia pini iliyokatika, lehemu inateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Ndiyo sababu kubwa ya waya kutomaliza miezi mitatu: unakatika shingoni, pale pini inapoanzia, na ukishakatika fundi hana la kufanya ila kukuuzia mwingine.

Kwenye sabufa hasara ni elfu tatu na muziki unaokatika upande mmoja. Lakini rola hizo hizo zinauzwa kwa ajili ya taa na soketi, na hapo hatuzungumzii muziki tena. Waya wa alumini uliouzwa kwa kipimo cha shaba unapata joto kuliko ulivyotarajiwa, na unalegea pale unapofungwa skrubu. Nyumba ya miti na nyasi haihitaji zaidi ya hapo. Kwa waya wa umeme wa nyumba tafuta nembo ya TBS iliyochapwa kwenye plastiki ya waya wenyewe, kila baada ya hatua fulani. Karatasi ya rola isikutoshe, na kazi mpe fundi mwenye leseni.

Ukiwa dukani unaweza kujipimia, kwa kipande kisichounganishwa na umeme. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini inaonyesha weupe chini ya ngozi. Shika uzani: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ukubwa huo. Shika uzi mwembamba kwa koleo juu ya moto wa kibiriti: alumini huyeyuka na kujikunja kuwa kitone, shaba inawaka nyekundu na kubaki nyeusi lakini nzima. Sumaku ikivuta, hapo umeuziwa chuma. Na angalizo moja, kwa sababu limewahi kumgombanisha msikilizaji na muuza duka asiye na kosa: waya mweupe kwa nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, na ni mzuri, hasa pwani.

Mvumo usiosababishwa na waya

Robo tatu ya ujumbe tunaoupata kuhusu "waya mbovu" unahusu mvumo, ule mlio mzito unaokaa chini ya muziki. Umeme wa TANESCO unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ni sauti yake. Unaingia pale ambapo pini imelegea, wavu wa kinga ndani ya waya umekatika, au vifaa viwili vimeunganishwa kwenye soketi mbili tofauti na kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini. Jaribu kwanza kuviweka vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ethi ili kuondoa mvumo, hata fundi akikuambia ndiyo dawa yenyewe. Waya huo umewekwa kwa ajili ya uhai wa mtu anayeshika maiki.

Simu inayopiga muziki huku inachajiwa ni chanzo kingine, na tunadhani ndicho kinachoongoza. Chaja ya bei rahisi inapitisha kelele hadi kwenye sabufa. Chomoa chaja usikilize. Mvumo ukiisha, hukuwa na shida ya waya. Wanaotumia sola na inveta ndogo wanaufahamu mlio mwingine, wa kuzomea, na huo nao hautibiwi kwa waya wa bei kubwa. Uhamishe waya wa sauti mbali na inveta, au tumia sabufa inayokubali umeme wa betri moja kwa moja.

Kwa ukumbi mrefu kuna dawa ya zamani na ya bei nafuu, ndiyo tunayotumia studio: waya wa maiki wenye pini tatu. Ndani yake nyuzi mbili hubeba sauti ile ile, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine. Mvumo ukiingia unaziingia zote sawasawa. Mwisho wa safari mikisa huchukua tofauti kati ya nyuzi hizo mbili, sauti inabaki na mvumo unafutika. Hakuna oksijeni iliyotolewa wala fedha iliyotiwa, na unaweza kuvuta waya huo mita 50 kutoka madhabahuni hadi kwenye mikisa bila kusikia kitu.

Wapo waliotuuliza kama si afadhali kutumia bluetooth na kuachana na nyaya. Kwa simu na sabufa iliyo chumba kimoja, ndiyo, na kwa nyimbo tulizonazo hutasikia upungufu. Kwa kwaya inayoimba na chombo kwa wakati mmoja, hapana, kwa kuwa bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na hao wanaopiga kinanda watachanganyikiwa.

Bei ya shaba tutaendelea kuifuatilia kwenye taarifa ya masoko. Jumamosi asubuhi, baada ya habari za saa tatu, fundi redio atakuwa nasi studio akiwa na sumaku, wembe na kibiriti. Aliye karibu na mji alete kipande cha waya alichonunua mwaka huu, urefu wa kiganja unatosha. Aliye mbali atutumie picha ya maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki, na bei aliyolipa.